Mtihani wa Kufikiri kwa Sauti

Ndugu yangu Kiptanui ana akili, hilo sikatai. Lakini amenichosha! Mwezi mzima nimekuwa mwalimu wa kitu nisichokijua, mimi Chepkirui, mchuma chai wa Boito, kwa sababu ya mdomo wake mzito.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni moja kubwa ya kompyuta yenye ofisi Nairobi ilimwita kwa intavyuu ya kuandika programu, kwa video. Wanakupa swali, unaandika huku wanakutazama, na muda wote unatakiwa kueleza unachofikiria. Kiptanui alinyamaza dakika thelathini, akaandika jibu sahihi, akanyamaza tena. Wakamwandikia: jibu ni zuri, lakini hatukujua ulikuwa unafikiria nini. Tutakujaribu mara moja zaidi. Ukishindwa, usiombe tena mpaka mwaka uishe. Na tayari amekaa nyumbani miaka miwili na digrii yake, akikama ng'ombe.

Jameni, si aongee tu? Shida ni vile tulilelewa. Baba yetu, Mzee Alexander, hataki kusikia neno nusu. Ukianza kusema na hujui utamalizia wapi, anakukata: "Nenda kwanza ufikirie." Na yeye akiwa ndani, mtoto haongei mpaka aulizwe. Mimi hayo yalinipita, nina mdomo tangu kuzaliwa. Kiptanui yalimwingia mpaka kwenye mfupa.

Basi nikashika karatasi yake ya maswali ya mazoezi. Tukiwa shambani, kikapu mgongoni, namsomea: "Una orodha ya namba. Tafuta mbili ambazo ukijumlisha unapata mia." Kimya. Anachuma. Anafika mwisho wa mstari, anageuka, anarudi.

"Nimepata," anasema.

"Umepata nini, na mimi sijasikia kitu?"

"Nilikuwa sijamaliza kufikiria."

"Hao watu wanataka hiyo hiyo haijamalizika! Wape mbichi!"

"Na nikisema kitu cha ujinga?"

"Sema ujinga, halafu useme huo ni ujinga, uendelee! Kwani ni nini?"

Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Mongina akaja kwenye ua kuuliza kama tunagombania shamba. Wiki ya tatu ndipo alipoanza, kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi: "Nachukua namba ya kwanza... naangalia kama inayobaki kufika mia nimeshaiona... hapana, ngoja, nikiweka kumbukumbu ya zile nimepita ni haraka zaidi..." Haki nilitaka kulia.

Siku ikafika, Alhamisi saa tisa mchana. Mtandao kwetu unashika mahali pamoja tu: dirisha la sebuleni, kando ya kiti cha baba. Na nani angemwambia baba atoke nyumbani kwake? Hakuna. Tukapiga hesabu kwamba atakuwa kwenye kituo cha kupimia majani ya chai akingoja lori la kuyabeba, ambalo mwaka mzima halijawahi kufika kabla ya saa kumi na moja.

Siku hiyo likaja saa nane. Ati siku hiyo!

Nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, nikisikia Kiptanui akiongea vizuri, hata akicheka na yule mwanamke aliyekuwa akimuuliza. Mara mlango ukafunguliwa. Baba akaingia, akavua gambuti, akaketi kwenye kiti chake. Sauti ya Kiptanui ikakatika. Nikangoja. Yule mwanamke akauliza kwenye kompyuta kama bado yuko.

Damu ilinipanda. Niliingia nikamshika baba mkono, mimi binti, kitu ambacho kwetu hakifanywi, nikamtoa nje na soksi zake huku mvua ikinyesha, nikafunga mlango.

"Chepkirui! Una wazimu?"

"Baba, utanigombeza baadaye. Ukikaa mle hatasema neno, na kazi inaenda!"

"Nani alimkataza kusema?"

"Ni wewe!"

Ndani, Kiptanui alikuwa ameanza tena, kwanza polepole, halafu akashika kasi, anasema hivi, anajikosoa, anarudi nyuma, anajaribu njia nyingine. Baba alisogea ukutani chini ya mabati akasikiliza dakika ishirini nzima, tope limejaa kwenye soksi. Nilimletea sandali zangu, akazikataa kwa mkono.

"Huyu mtoto ana miaka ishirini na sita," alisema mwishowe. "Nilidhani hana la kusema."

Majibu yalikuja wiki iliyofuata: kazi amepata. Kiptanui akampelekea baba simu ili asome, akasimama kando bila neno. Baba hakuisoma. Alivuta kiti kingine karibu na chake.

"Kaa," akasema. "Lile swali la siku ile sikulielewa. Anza popote."