Matofali ya Baba yake Walter

Sikwenda Amerika kushangaa maghorofa. Dodoma nafundisha uashi, na ghorofa kwangu ni kazi tu. Rehema, mtoto wa dada yangu anayeishi Washington, alinitumia tiketi nikapumzike, akaongeza ombi moja: mzee Walter, Mmarekani mweusi anayejifunza Kiswahili kwake, alikuwa na ubishi kuhusu matofali. Hapo nikafunga mizigo haraka.

Jumamosi asubuhi tulitoka mtaa wa Columbia Heights mjini Washington, mzee akiendesha gari taratibu mno. Njiani alinieleza habari yenyewe. Kitongoji alikozaliwa, upande wa Maryland, kilikua kwa ajili ya kiwanda cha matofali kilichokwisha kufungwa. Sasa kamati ya wakazi ilitaka kuweka kibao cha kumbukumbu chenye jina la mwenye kiwanda na sifa za mashine zake. Watu weusi waliofyatua matofali kwa mkono kabla ya mashine, baba yake akiwemo, hawakutajwa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi.

Saa nne tulifika. Mwenyekiti wa kamati, mama wa Kizungu mpole lakini mgumu, alitungoja penye tanuri la zamani. Nilijigamba kwamba tofali la mkono nalijua hata nikifumba macho, nikakagua ukuta wa mbele. Yote yalikuwa yamekatwa kwa waya wa mashine. Niliumbuka.

"Mjomba, usi-give up bado," Rehema alininong'oneza.

Mzee Walter alituongoza nyuma, kwenye msingi uliomezwa na vichaka. Nikapiga magoti. Matofali ya huku yalikuwa yamepinda kidogo, na moja lilikuwa na vishimo vinne vya vidole, vya mtu aliyelibeba likiwa bado bichi. Nilimweleza mama yule kwamba haya yalifyatuliwa kwa mkono, Rehema akatafsiri. Akatia vidole vyake mle. Kisha akasema wataandika upya, akamwomba mzee jina la baba yake.

Mzee alinigeukia mimi. "Ndugu mwalimu, baba yangu hakufanya kazi peke yake. Tafadhali, andika."

Akanitajia majina kumi na moja. La baba yake alilitaja mwisho. Nililia, sioni haya kusema.

Wiki mbili baadaye nilirudi Dodoma. Jumatatu niliwakuta wanafunzi wangu uwanjani wakipangusa alama za vidole kwenye matofali mabichi, kama nilivyowafundisha miaka yote. Niliwaambia waache.