Chai Niliyowapikia Wakwe wa Dada

Nikinusa mdalasini, nakumbuka jikoni kwa mama pale Isiolo, miaka ya sabini, na aibu inanirudia upya. Wazee walikuja kutoka Merti kumposa dada yangu. Mimi, mjuaji wa dawa zote, nikachota kwenye kopo la mama unga wa kahawia, nikaona ni mdalasini, nikatia kwa chai, utulize matumbo yaliyorushwa na lori njia nzima. Walikunywa polepole, nyuso zimekunjamana.

“Binti, hii ni dawa?” mmoja akauliza kwa upole.

“Ndiyo, baba. Malizeni yote,” nikajibu kwa maringo, nikamwongezea.

Mama akaja kuwasalimu wageni, akaonja chai, akakohoa.

“Halima! Umewapa wageni mwarobaini wangu wa malaria!”

Wazee wote wakaweka vikombe chini kwa pamoja.