Ukimya Uliofika Dilala

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya barua. Mwalimu Sato, Mjapani aliyenifundisha hesabu sekondari, alikuwa Kolwezi akipima mawe ya shaba, karibu kustaafu. Nimehama miji mingi na makanisa matatu. Sasa nilitaka anifundishe kuketi kimya kama watu wa Zen, dhehebu la Kibuddha, nijiunge nao.

Tunduma, Ndola, Kasumbalesa: siku sita ndani ya lori, mbili zikiwa za foleni mpakani. Baada ya Likasi, malori ya madini yalitufunika vumbi hadi mwisho.

Dilala, mtaa wa Kolwezi. Mwalimu alikuwa amepanga chumba kwa Tata Kabongo, mtu wa Kasai ambaye babu yake aliletwa kufanya kazi mgodini, kiongozi wa kikundi cha sala. Jioni hiyohiyo nikamwomba Mwalimu anipokee katika Zen. Akacheka: yeye si wa Zen, kwao hutaja jina la Buddha Amida. Lakini katika Zama za Kati, Zen ilipoenea Japani, watawa wa madhehebu mengine walikwenda kuketi na walimu wake, kisha wakarudi mahekaluni kwao. Sala zilibaki zilezile, namna ya kuzisali ikabadilika.

“Waliazima kuketi,” alisema. “Nyumba hawakuhama.”

Tata Kabongo alisikiliza kuliko mimi.

Jumatano, kikundi kilipokutana, katikati ya rozari Tata akanyamaza. Kule kiongozi akikwama, mtu huanzisha wimbo kumwokoa na aibu. Mama Kapinga, mwenye sauti kuliko wote, akamwokoa. Jumatano ya pili akamwokoa tena. Watu wakaanza kusema Tata amezeeka, atafutwe mwingine. Alikuwa ameongoza miaka ishirini.

Jumatano ya tatu akasimama.

“Sikusahau kitu. Tunamusemesha Mungu saa nzima. Mi ninamuachia nafasi ya kujibu.”

“Na tutajua namna gani kama amemaliza?” akauliza Mama Kapinga.

Wakacheka. Mwalimu, aliyekaa mlangoni, akasema katika kumbi za Zen hupigwa kengele kumaliza ukimya.

“Basi mi njo kengele,” akasema Mama, akijiteua mwenyewe.

Wakanyamaza. Nje pikipiki za abiria zilipita, moja, nyingine. Mama alisubiri kuliko tulivyotazamia, ndipo akaimba, polepole. Habari ya kiongozi mwingine haikusikika tena.

Siku niliyoondoka Kolwezi nisirudi tena, Mwalimu alikuwa ameshastaafu na kurudi Japani. Tata Kabongo alinisindikiza hadi kwenye basi. Nikamwambia narudi katika kanisa la mama yangu, lile la kwanza, nami nitapeleka ukimya huko.

Akanipokea begi, akalipandisha mwenyewe.

“Tafuta kwanza Mama Kapinga wako,” akasema.