Mama Moto na Mtoto wa Ng'ambo ya Mlima

Jina la Mama Moto walimpa watoto wenyewe, na wala hawakumwogopa. Walijua moto wake huwaunguza wakubwa. Alikuwa mlezi katika kituo cha yatima ubavuni mwa mlima, mahali ambapo ukungu huzifanya nguo zishinde kambani na zisikauke. Aliogesha, alifua, alipika uji, na usiku alilala chumba cha pili ili amsikie anayekohoa. Mumewe alikwishafariki, wanawe wanajitegemea huko mabondeni, na hao wa kituoni aliwaita wanangu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kilichomchefua ni wageni. Vijana wa nchi za mbali walikuja kupanda milima, na wakishashuka wanataka kujitolea wiki moja, mbili. Si watu wabaya. Walileta peremende, walicheka vizuri, wakapaka rangi ukuta uleule waliopaka wenzao. Kisha wakaondoka, na kazi ya kufuta machozi ikabaki kwa Mama Moto.

Aliyeumia zaidi ni Kidoti, binti mdogo mwenye alama nyeusi kidevuni. Moyo wa mtoto yule haukuwa na breki. Mgeni akifika asubuhi, jioni keshamwita mama. Akiondoka, Kidoti anagoma kula, anakojoa kitandani, anashinda getini akisubiri gari.

Mwaka huo akaja dada mmoja mpole, anayejua lugha ya pale kiasi cha kuelewana. Alimbeba Kidoti kutwa. Siku moja Mama Moto alikuwa akikamua shuka, akamsikia akimnong'oneza mtoto, "Nitarudi kukuchukua." Shuka likamdondoka matopeni.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwahidi nitarudi, Mama. Nampenda."

"Lini?"

Dada akababaika. "Nikipata nafasi. Maskini, hana mtu duniani..."

"Nani kakudanganya? Mama yake yuko ng'ambo ya mlima huu, analima viazi!"

Akamwaga yote. Mkurugenzi wa kituo ndiye aliyemfuata yule mama na kumwahidi kwamba mtoto atasoma bure na likizo atarudi nyumbani. Likizo zikaja, zikapita. Mama mtu alipokuja kumwona mwanawe, alirudishwa getini. Mama Moto alipouliza kulikoni, aliambiwa akafue nguo.

"Mbona sisi tuliambiwa wote ni yatima?" dada akauliza, uso umemshuka.

"Mngeambiwa wana mama zao, mngekuja?"

Mama Moto hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi, povu la sabuni bado mikononi.

"Kidoti namrudisha kwao."

"Mama, wewe ni mlezi," mkurugenzi akasema bila kuinua macho. "Utawala niachie mimi. Huko kwao kuna njaa."

"Na hapa anashiba huku akilia kama kafiwa, mama yake yu hai! Shibe gani hiyo?"

"Punguza sauti, kuna wageni."

Hapo akapandwa na mori. "Kila siku kuna wageni! Mtoto ana homa, anaimbishwa, kuna wageni! Mama mtu anafukuzwa kama mbwa, kuna wageni! Leo wasikie!"

Na walisikia, hadi waliokuwa juu ya ngazi na brashi zao.

Asubuhi alimfunga Kidoti mgongoni. Mlinzi, pande la mtu, akasimama mbele ya geti. "Mama, nitafukuzwa kazi."

"Sema nimekusukuma."

"Mwili huu? Nani ataamini?"

"Wote waliowahi kuniudhi."

Mlinzi akacheka asipende, akafungua. Dada akawakimbilia. "Na mimi nije?"

"Njoo. Kamera iache."

Walipanda, wakateremka, jua likawapata shambani. Mama yake Kidoti aliwaona, jembe likamtoka mkononi. Akaja mbio amepanua mikono. Kidoti akajificha nyuma ya dada, akamshika sketi. "Mama, simtaki huyu."

Yule mama akakaa chini palepale matutani. Mama Moto alitafuta mtu wa kumtukana, asimpate. Aliyestahili alikuwa ofisini. Dada akachuchumaa, akavibandua vile vidole kimoja kimoja huku machozi yakimtoka. "Mimi si mama yako," akasema. "Na sitarudi." Akageuka, akaondoka zake peke yake.

Kidoti alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Moto alibaki pale kwa siku kadhaa, akipigana na yule mama aliyetaka kukata tamaa. "Wewe kaa karibu naye tu! Atukane, apige teke, wewe kaa!" Hatimaye mtoto akapitiwa na usingizi mapajani mwa mama yake, na hakushtuka alipoamka.

Kazi Mama Moto alifukuzwa, bila hata kwaheri. Akavaa viatu, akazunguka vijijini kuwatafuta wazazi wengine. Baadhi walikwenda naye kituoni wakagonga geti mpaka wakapewa watoto wao. Wengine walimwambia usoni hawana cha kuwalisha, wakafunga mlango. Wasio na mtu kabisa walibaki kwa mkurugenzi, na hao ndio wanaomkosesha raha Mama Moto hadi leo. Sasa anafua mashuka katika nyumba ya wageni mjini. Juzi mpanda mlima mmoja alimuuliza wapi atapata yatima wa kucheza nao kabla ya ndege yake kuondoka. Mama Moto alimtazama, akamkabidhi beseni la nguo mbichi, akamwelekeza kwenye kamba.