Zamu ya Kisima cha Ekero

Jambo zima lilitugharimu shilingi elfu tisini na nne, wanachama wanne kati ya tisa, na nyanya mmoja wa Ekero. Pesa nimezihesabu mara mbili. Nyanya sijui namna ya kumhesabu, maana hakuna daktari aliyeandika kwamba aliuawa na maji, na hakuna aliyeandika kwamba maji hayakumuua.

Sisi ni wanasayansi wasio na mwajiri. Mmoja ni wa udongo, mmoja wa maji, mmoja wa wadudu waharibifu, mwingine hupima moshi na makelele ya mashine. Mimi nilisomea kemia, lakini kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa kubishana bei. Kabla ya mtandao wetu, kila mmoja alizunguka Kakamega na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki kama muuza soksi. Nikawakusanya. Tukakodi chumba nyuma ya duka la mbolea, tukachonga muhuri mmoja, nami nikaitwa mratibu, cheo ambacho maana yake ni kwamba simu za lawama hulia mfukoni mwangu.

Mwanzoni tulikaribia kuuana kwa wivu. Wenye binamu maofisini walikula, wasio na binamu wakanywa chai ya rangi. Ndipo mtu wa wadudu akasema, "Mamangu yuko kwa chama cha mama mboga, kile cha kuchangiana pesa, tangu nikiwa mdogo, na hawakosanangi. Kila mtu na zamu yake. Sisi na digrii zetu tunashindwa na nini?"

Lilikuwa wazo tamu. Kazi ikiingia, inakwenda kwa mwenye zamu, iwe ya fani yake au isiwe. Akikwama, amuulize mwenzake. Muhuri ni wa wote. Mikono ikainuka yote tisa. Sokoni mpango huo haujawahi kumdhuru mtu, kwa sababu pale kinachozunguka ni pesa, na pesa haihitaji kujua imeshikwa na nani.

Mwenye kisima alikuja mwenyewe. Ni mzee wa Mumias, Haji, mwenye nyumba za kupangisha pale Ekero. Wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba maji yana ladha. Alitaka karatasi ya kuwanyamazisha. Tulipokwisha kusalimiana vizuri na kuulizana habari za nyumbani, nikamtajia elfu kumi na nane.

"Kwa chupa ya maji?" akasema. "Mwalimu, hata zamzam haiuzwi hivyo."

"Zamzam haiji na muhuri, Haji."

Alicheka, na mtu akicheka tayari amepandisha bei. Tukakutana kwenye elfu kumi na mbili, nauli ya boda ikiwa juu yake. Nilijiona mjanja siku hiyo.

Zamu ilikuwa ya mtu wa udongo. Si mjinga, na nataka hilo lieleweke. Wakulima wa chai wa Shinyalu walikuwa wakimpigia simu kabla ya kununua hata gunia moja la chokaa ya shamba. Lakini mama wa maji hakufurahi.

"Mratibu, hii si kazi yake."

"Dada, wewe umeshapata mbili mwaka huu."

"Sihesabu zangu. Nasema ni maji."

"Kwani kisima kimechimbwa ndani ya nini? Si udongo?"

Chumba kikaangua kicheko. Mtu wa udongo naye akacheka, akamwambia, "Usijali, dada. Nikikwama nitakupigia."

Hakukwama. Anayekwama ni yule anayeijua njia. Asiyeijua hupotea tu, tena kwa furaha.

Alichukua chupa ya maabara, akaenda Ekero, akarudi na sampuli ndani ya barafu, kila kitu kwa wakati. Majibu yakatoka safi: hakuna kijidudu hata kimoja. Nikapiga muhuri. Haji akaibandika karatasi ukutani karibu na kisima, ndani ya plastiki ili isilowe. Wapangaji wakasoma, wakanyamaza, wakanywa.

Wiki chache baadaye watoto wa pale walianza kuhara. Kisha watu wazima. Nyanya niliyemtaja alikuwa amemfuata binti yake kutoka kijijini ili atunze mjukuu. Aliugua siku tatu. Wakati wakimpeleka hospitali ya Mumias alikuwa bado anauliza kama mtoto amekula. Hakurudi.

Tuliketi kikao siku moja baada ya mazishi. Mtu wa udongo alieleza hatua zake zote bila kuficha chochote. Mama wa maji alisikiliza, kikombe mkononi, kisha akauliza swali moja.

"Chupa uliisuuza?"

"Ndiyo," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kazi. "Mara tatu. Na maji ya kisima chenyewe."

Mama wa maji aliweka kikombe chini polepole.

"Ndani ya chupa kulikuwa na unga kidogo," akasema. "Haukuwa uchafu. Unga ule huua makali ya dawa ya maji, ile klorini, ili isiendelee kuua vijidudu njiani. Chupa ile haisuuzwi."

"Lakini kisima hakikuwa na dawa."

Nikampigia Haji pale pale, wote wakisikia.

"Dawa?" akasema. "Nilimwaga asubuhi ile ile! Mgeni anakuja kuangalia kisima changu, nimwonyeshe uchafu? Sikulelewa hivyo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwenyeji alisafisha kisima kwa ajili ya mgeni, mgeni akasafisha chupa kwa ajili ya kazi. Adabu juu ya adabu. Dawa ikaendelea kuua vijidudu ndani ya chupa hadi maabara, huku ile ya kisimani ikiisha siku chache baadaye na choo cha jirani, ambacho hakuna aliyekuwa amekitazama, kikiendelea kuvujia kisimani kama kawaida yake.

Tulilipa bili za hospitali, tukachangia mazishi, tukamrudishia Haji pesa zake. Hakubishana hata shilingi. Alisema tu, "Nilinunua karatasi, mwalimu. Watu wangu wakainywa."

Tulifuta zamu kwa kura. Wanachama wanne wakaondoka, kila mmoja kwa udhuru wake, na hakuna udhuru uliozidi sentensi moja. Sasa kazi inakwenda kwa mwenye fani. Ni sawa, ni salama, na ni njaa kwa wengine.

Juzi mtu wa udongo alikuja kwenye chumba chetu na kekee yake ya kutobolea ardhi, ile aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alitaka kuiuza. Kwa mazoea nikataja nusu ya thamani yake.

"Sawa," akasema.

Nilingoja. Akanisogezea kekee. Nimeshindana bei na walevi, mapasta na wajane, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa "sawa" ile. Mtu asiyebishana ameshajiuza yeye kwanza.

"Ndugu yangu, nitaiweka tu," nikamwambia. "Hii si biashara."

"Basi niwekee," akasema. "Lakini kama kuna kazi ya udongo, uniambie. Nyumbani hali si hali."

Kazi ya udongo ipo. Imeingia jana kutoka Shinyalu, mashamba ya chai ya ndugu watatu, na hakuna anayeijua ardhi ile kumzidi. Nilipotaja jina lake kwa simu, mkubwa wao alinikatiza: "Mtu yeyote, ila si yule wa kisima."

Mtu wa wadudu amenishauri njia rahisi: mtu wa udongo achimbe, mwingine atie sahihi, muhuri ni ule ule. Udongo utapimwa vizuri, watoto wake watakula, wenye shamba hawatajua. Lakini karatasi itakuwa imesema uongo kwa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Nikikataa, ninamzika mtu hai.

Kekee yake imesimama nyuma ya mlango wangu, na wale ndugu wanataka jina kesho. Wewe uliyewahi kugawa kazi, au kunyimwa, niambie: niandike la nani?