Mwarobaini wa Bibi na Mafuta ya Papa

Mwarobaini niliwahi kuuchukia, yakaisha. Papa wa kilindini namchukia hadi leo, na sijawahi hata kumwona.

Miaka ya sabini, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nilikuwa binti wa kifua kibovu. Bibi alinichemshia majani ya mwarobaini uliokuwa mbele ya nyumba yake. Mti ule ni mnafiki: maua yake meupe yananukia asali, majani yake yanakukunja uso mpaka masikio. Lakini ukishameza na kusukutua, basi, mmeachana.

Kikohozi kilipogoma, baba alinunua mafuta ya ini la papa katika duka la Mhindi mjini. Mwenye duka alimweleza kwamba papa huyo anaishi vilindini, jua lisikofika. Bibi akauliza, huko gizani anakula nini? Hakuna aliyejua, akajijibu mwenyewe: mizoga. Tangu hapo kila kijiko nilikimeza pamoja na hiyo mizoga. Afadhali yangekuwa machungu. Yalikuwa mazito, yanateleza, yakishuka yanarudi kwa cheu, na mchana kutwa yanatoka kwa jasho. Nguo zilinuka, mkeka ulinuka, hata nywele. Siku moja nilijinusa kwapa nikatapika.

Kwetu wasichana waliokwisha vunja ungo hawakulala kwa wazazi. Mimi na binamu zangu tulilala nyumbani kwa bibi, na kurudi kwa mama ilikuwa aibu ya kusimuliwa kisimani. Jioni moja binamu zangu wakakusanya mikeka yao upande mmoja, wakasema mwenye papa akalale na mbuzi. Sikuwalaumu. Ningeweza, hata mimi ningejikimbia. Nikamsihi bibi anirudishie mwarobaini wake, nitakunywa hata sufuria nzima, mradi nisifukuzwe.

Bibi alilaza sikio kifuani pangu, akasikiliza. Mikwaruzo ilikuwa imepungua. Akaichukua ile chupa, ambayo siku zote aliishika kwa kitambaa huku ameziba pua, akamimina mafuta kiganjani. Akajipaka shingoni na mikononi taratibu kama anayekwenda harusini, uso umekunjamana, machozi yanamtiririka. Kisha akawageukia binamu zangu.

"Na mimi nanuka. Nifukuzeni."

Akauvuta mkeka wangu, akautandika kando ya wake.