Kiti cha Mwenye Pengo

Mimi mtu wa Tanga nimejiaibisha hapa Arusha, na nilijitakia. Juzi hospitalini daktari wetu Mwingereza alinipa picha ya eksirei ya meno, nikisie umri wa mgonjwa aliyekuwa nje. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo.

"Huyu hapungui miaka sabini, bwana daktari," nikasema kwa kujidai, nikaenda kumfutia mzee kiti vumbi. Mlango ukafunguka nikiwa nimeinama.

"Shikamoo, babu," nikaamkia kabla ya kumtazama.

Nikainua macho. Alikuwa morani, kijana wa Kimaasai, hata ndevu hana.

Nesi wetu, mzaliwa wa Elerai hapa hapa Arusha, akacheka hadi pengo lake likaonekana. "Huku kwetu tunang'olewa meno hayo utotoni, kaka."

Kijana akaketi taratibu.

"Marahaba, mjukuu wangu."